Juu ya Maneno ya Kupima Kazi ya Seli za Kinga

Mwaka juzi nililetewa karatasi ya kurasa nne ili niutazame Kiswahili wake. Ilikuwa karatasi ya ridhaa, yaani ile ambayo mgonjwa, au mzazi wa mtoto mgonjwa, husomewa na kuitia sahihi kabla ya kutolewa damu kwa ajili ya uchunguzi. Waliotunga karatasi hiyo walitaka kuwaeleza wazazi kwamba damu ya watoto wao itachunguzwa ili ijulikane kama seli za kinga zaweza kuua seli zilizoingiwa na virusi, na seli za saratani. Mfasiri aliandika hivi: "Tutapima wingi wa kinga ya mtoto wako." Sentensi hiyo ni fupi, ni fasaha, wala haina kosa la sarufi. Ila haisemi neno lililokusudiwa. Mama mmoja aliyesomewa alijibu kwamba mtoto wake amekwisha kupimwa kinga mara mbili hospitalini, na mara zote mbili ameambiwa imejaa. Basi kuna haja gani ya kumtoboa tena? Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kosa lilikuwa letu sisi tunaojidai kuwa na maneno.

Katika makala haya nakusudia kueleza tofauti ya mambo mawili ambayo Kiswahili chetu cha hospitali huyachanganya, yaani kuhesabu seli za kinga na kupima kama seli hizo zafanya kazi yake. Mimi si daktari. Habari za maabara nilizozieleza humu nilijifunza kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye kazi yao, kwa maana mtu hawezi kuchagua jina la kitu asichokijua.

Na tuanze na neno lenyewe. Kukinga ni tendo la Kibantu, na asili yake ni ya mikono: mtu hukinga maji ya mvua kwa mtungi, hukinga jua kwa kiganja, hukinga pigo kwa ngao. (Kinga kile cha moto, ambacho wingi wake ni vinga, na ambacho methali husema kikikutana na mwenziwe ndipo moto uwakapo, ni neno jingine, yamefanana kwa sauti tu.) Katika lugha ya wazee, basi, kinga ilikuwa kitendo kwanza, ikawa kitu baadaye. Lakini katika lugha ya siku hizi imekuwa kitu zaidi kuliko kitendo, nacho ni kitu cha kujaa na kupungua kama maji mtungini. Hapana shaka jina la UKIMWI, lililoenea tangu miaka ya 1980, limechangia sana, maana kirefu chake ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na upungufu watokana na kupungua. Ikaja na hesabu ya seli ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya aghalabu huwa nazo 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu, na zikishuka chini ya 200 yumo hatarini. Kwa miaka mingi idadi hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua nani aanze dawa, hata mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila mwenye virusi apewe dawa bila kungoja idadi ishuke. Watu wetu waliielewa hesabu hiyo vyema. "Kinga yangu imeshuka," "kinga yangu imepanda," ni maneno yaliyosaidia kuokoa maisha, wala sina nia ya kuyadharau. Nasema tu kwamba yametuzoeza kuuliza swali moja: ngapi?

Sasa kuna maradhi ambayo ndani yake swali hilo humpoteza mtu. Mwaka 1957 Robert Good na wenzake, huko Minnesota katika Marekani, waliandika habari za watoto wa kiume walioshikwa na majipu, maradhi ya mapafu na uvimbe wa tezi tangu uchanga wao, wakafa kwayo. Damu yao ilipotazamwa kwa hadubini haikuonekana kuwa na upungufu wowote. Zile seli nyeupe ziitwazo netrofili, ambazo ndizo askari wa mbele wanaokimbilia kidonda, zilikuwapo tele. Zilivikimbilia vijidudu vya maradhi, zikavimeza. Lakini hazikuviua. Katika mtu wa kawaida, netrofili ikimeza kijidudu hutengeneza sumu kali kutokana na oksijeni, ikakiangamiza humo humo tumboni mwake. Katika watoto hawa kimeng'enya kinachoanzisha sumu hiyo kilikuwa na kasoro ya urithi, kwa hiyo kijidudu kilikaa ndani ya seli kama mgeni aliyepata malazi.

Jaribio la kuitambua kasoro hii liliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Robert Baehner na David Nathan wa Boston, nalo lapendeza kwa wepesi wake. Damu kidogo huchanganywa na rangi ya manjano iitwayo kwa kifupi NBT, kisha seli huchokozwa. Seli nzima hutoa ile sumu yake, na sumu huigeuza rangi ya manjano kuwa chembe za buluu iliyokoza. Seli yenye kasoro hubaki kama ilivyokuwa. Anayetazama hana haja ya kuhesabu zilizopo, bali huhesabu zilizogeuka. Na pale ambapo ugonjwa wapitia kwa mama, mama mwenyewe aghalabu hana maradhi, lakini damu yake chini ya hadubini huonyesha seli za namna mbili zimechanganyika, hizi za buluu na hizi zisizo na buluu, kila moja ikisema habari ya upande mmoja wa urithi wake. Siku hizi maabara nyingi zimeiacha rangi hiyo zikachukua nyingine ing'aayo kijani mbele ya mashine ya mwanga, ila maana ya jaribio haikubadilika.

Jambo hili latuhusu karibu kuliko tudhanivyo. Chanjo ya BCG, ambayo watoto katika nchi zetu huchomwa punde baada ya kuzaliwa, ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mtoto mwenye netrofili zisizoua huenda akaugua kwa chanjo ile ile impayo mwenziwe usalama. Tezi za kwapani zikimvimba na kutoa usaha baada ya chanjo, na majipu yasimwachie, kumwambia mama yake kwamba seli nyeupe za mtoto ni nyingi ni kumwambia kweli isiyomfaa.

Wala majaribio ya kazi si jambo jipya. Mwaka 1903, London, Almroth Wright na Stewart Douglas walikuwa wakichanganya damu na vijidudu, kisha wakihesabu kila seli imemeza vijidudu vingapi. Hapo nako kulikuwa kuhesabu, lakini kilichohesabiwa ni matendo. Na jaribio la kazi lililoenea kupita yote wengi wetu twalijua bila kulijua: ni ile sindano ndogo ya kifua kikuu inayochomwa katika ngozi ya mkono, ambayo ilianzishwa na Clemens von Pirquet mwaka 1907 kwa kukwaruza ngozi, na Charles Mantoux mwaka 1908 akaifanya kwa sindano. Mtu huambiwa arudi baada ya saa 48 hadi 72, na mwuguzi hupima kwa rula uvimbe mgumu uliotokea, kwa milimita. Wengi waliochomwa hudhani wametiwa dawa. Kumbe wameulizwa swali, na ni seli zao zinazojibu: seli za T zilizowahi kukutana na kijidudu cha kifua kikuu hukumbuka, hukusanyika pale mkononi, na ngozi huinuka. Mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana huenda ana kijidudu hicho mwilini na ngozi yake isiinuke. Swali limeulizwa, hapana aliyeitika.

Sasa nije kwa seli zilizotajwa katika ile karatasi, ambazo wataalamu huziita kwa herufi mbili, NK. Ziligunduliwa katikati ya miaka ya 1970, na makala mashuhuri yakatoka mwaka 1975, mengine ya Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell wa Stockholm, mengine ya Ronald Herberman na wenziwe huko Marekani. Waliona kwamba katika damu ya kiumbe ambaye hajapata kuchanjwa wala kufunzwa kwa namna yoyote mna seli ziuazo seli za saratani papo hapo. Katika jamii ya limfosaiti za damu, seli hizi ni kama 5 hadi 15 katika kila 100. Kwa muda haikufahamika zamjuaje adui. Klaus Kärre na wenzake walitoa jibu ambalo lilichapishwa mwaka 1986: kila seli ya mwili hubeba juu yake alama ya kuwa ya nyumbani, seli iliyoingiwa na virusi au iliyogeuka saratani mara nyingi huificha alama hiyo ili seli za T zisiione, na NK huishambulia kwa sababu alama haipo. Nikilieleza darasani husema hivi: seli ya T ni mlinzi anayeijua sura ya mwizi; NK ni mlinzi amkamataye anayeingia bila hodi.

Jaribio la kuzipima lilirithiwa kutoka kwa watu wa Lausanne, ambao mwaka 1968 walieleza namna ya kutumia kromiamu yenye mionzi. Seli za saratani zinazofugwa maabara, na kwa NK aghalabu ni zile ziitwazo K562, zilizotoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu, ambazo hazina ile alama ya nyumbani, huloweshwa katika kromiamu kwa muda wa saa moja hivi. Kromiamu huingia ndani na kunasa humo. Seli huoshwa, zikawekwa katika sahani yenye vishimo vidogo, na juu yake hutiwa seli za damu ya mtu anayepimwa: kishimo kimoja seli 50 kwa kila seli 1 ya saratani, kingine 25, kingine 12, na kuendelea kushuka. Zote huachwa saa nne katika joto la mwili. Seli ya saratani ikitobolewa, kromiamu yake humwagika majini, na mashine huisoma mionzi ya yale maji.

Hesabu yake haina ugumu. Baadhi ya seli hufa zenyewe bila kuguswa. Tuseme mashine husoma 400 katika kishimo kisichotiwa damu. Zikiyeyushwa zote kwa sabuni, tuseme husoma 2,400. Kishimo chenye damu ya mgonjwa kikisoma 1,400, basi twatoa 400 tukabaki na 1,000, ambayo ni nusu ya 2,000 iliyowezekana. Damu hiyo imeua seli 50 katika kila 100. Hapa nilikuwa nikishawishika kuandika kwamba jaribio la kazi limeishinda hesabu, hata mtaalamu mmoja akanisahihisha kwa upole. Mgonjwa ambaye NK zake ni chache, ingawa kila moja ni hodari, atatoa jibu dogo vile vile. Kwa hiyo kwanza zihesabiwe, ndipo jibu lifasiriwe. Nayakubali masahihisho hayo, nami nayaandika kwa sababu yaonyesha kwamba maneno mawili tuyatafutayo si maadui, yategemeana.

Tena kazi yenyewe ina hatua. NK huua kwa kubeba vifuko vidogo vyenye silaha. Imshikapo adui, kifuko husogea hadi ukingoni na kufunguka nje. Humo hutoka perforini, ambayo hutoboa ngozi ya adui, na vimeng'enya vya kuua hupitia tundu hilo. Jaribio jingine, lililoandikwa kwa seli za T mwaka 2003 na kwa NK mwaka 2004, hutazama kama vifuko vimefunguka. Katika ukuta wa ndani wa kifuko mna alama iitwayo CD107a, ambayo kifuko kikifunguka huonekana juu ya seli, mfano wa mtu ambaye waiona ala yake tupu ukajua kwamba upanga umechomolewa. Kuna watoto wachanga waliorithi ugonjwa ambao huwaletea homa isiyokoma, wengu ukavimba, damu ikapungua, na wasipotibiwa hufa. Baadhi yao vifuko vyao havifunguki. Wengine, kama ilivyogunduliwa mwaka 1999, kasoro yao iko katika perforini yenyewe: vifuko hufunguka vizuri, ala huonekana, lakini haukuwamo upanga, na jaribio la kromiamu huonyesha hakuna kilichouawa. Yule awezaye kusema hatua gani imekatika ndiye awezaye kutafuta chanzo cha urithi kwa haraka, na kwa watoto hawa haraka ni uhai, kwa maana tiba ya kudumu ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine.

Mfano wa mwisho ni wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa saratani unaowatokea watoto, hasa katika taya. Mwaka 1964 katika uvimbe huo huo vikaonekana virusi vya Epstein na Barr. Ajabu ni kwamba virusi hivi karibu kila mtu hupata kuwa navyo duniani, na saratani hiyo huwapata wengi hasa palipo na malaria ya mwaka mzima. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi iliyolinganisha watoto wa miaka 5 hadi 9 wa Kisumu, ambako malaria haina likizo, na watoto wa Nandi, ambako malaria ni ya mara chache. Seli zao za T zilionyeshwa vipande vya virusi hivyo katika sahani, na kila seli iliyoitika kwa kutoa kemikali ya kuitana iliacha doa moja. Watoto wa Kisumu wa umri huo walitoa majibu machache kuliko wenzao. Hakuna aliyeweza kulijua hilo kwa kuzihesabu seli za T peke yake. Ilibidi ziitwe, ionekane zipi zitaitika.

Mtu atauliza, kama majaribio haya yana faida hivi, mbona hayafanywi kila hospitali? Sababu kubwa ni kwamba hesabu yaweza kufanywa hata kwa seli zilizokwisha kugandishwa kwa dawa, lakini kazi hufanywa na walio hai. Damu hutakiwa ifike maabara upesi, aghalabu katika muda wa siku moja, bila kutiwa barafu, tena iandamane na damu ya mtu mzima wa afya, ili kama safari imeziua seli ijulikane kwamba ni safari na si ugonjwa. Dawa kama steroidi huzilegeza seli, na jibu likatoka dogo bila kasoro yoyote ya urithi. Kwa ajili hiyo jibu moja baya halitoshi, jaribio hurudiwa. Nalitaja hili kwa sababu ya wale wanaouza chupa za "kuongeza kinga" sokoni. Sijapata kumsikia hata mmoja akieleza aongeza kinga ipi, idadi yake au kazi yake, wala ameipima kwa nini.

Nirudi kwa maneno. Kupima ni neno zuri lakini limebeba mzigo mkubwa: hupimwa kitambaa, unga, shamba, na mgonjwa, na kwa vijana wengi mjini "kupima" bila nyongeza ni kupima UKIMWI. Nilifikiri kwanza kusema kujaribu seli, na jaribio la kazi, kama nilivyofanya katika makala haya. Lakini nilipowasomea akina mama watano, wawili waliguna, na mmoja akasema, "Kwa hiyo mnamjaribia mtoto?" Kumjaribia mtu kitu ni jambo la kuogofya, na si ajabu. Kutahini ni neno la darasani. Utendaji limekwisha chukuliwa na maofisi, na mtu hulisikia akakumbuka fomu za mwisho wa mwaka. Ama jina la NK, mfasiri aliandika "seli za wauaji wa asili," ambalo laweza kusomwa kwamba ni seli za watu wauao wenyeji. Mimi napendekeza seli ziuazo kwa silika, kwa kuwa silika ni tabia aliyozaliwa nayo kiumbe bila kufunzwa, na hiyo ndiyo maana hasa ya jina lao. Anayelipata bora na alilete.

Kwa karatasi yenyewe niliona heri kuacha majina yote na kusema tendo. Baada ya kubishana mara tatu tulipatana juu ya maneno haya: "Mlipopimwa zamani, seli za kinga za mtoto zilihesabiwa. Safari hii hatutazihesabu tu. Tutaziweka pamoja na seli za ugonjwa ndani ya chombo, nje ya mwili wa mtoto, tuone kama zaziua." Yule mama alisomewa upya. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza ikiwa haziui itakuwaje. Karatasi haikuwa na jibu la swali hilo, kwa hiyo ilirudishwa kwa madaktari, nao wakaongeza aya nzima ambayo sikuwa na la kuisahihisha.